Msaidizi wa Kisheria Mjini Nairobi: Historia ya Kazi, Mafunzo na Jina Lake

Utangulizi

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya kazi moja ambayo wanasheria wameiandikia mengi na wataalamu wa lugha wameiandikia machache, yaani kazi ya msaidizi wa kisheria. Huyu ni mtu ambaye si wakili wala hakimu, lakini amefunzwa sheria kiasi cha kumwezesha kumshauri jirani yake, kumwandikia barua au kiapo, kumweleza yatakayotokea mahakamani, na kumpeleka kwa wakili inapobidi. Mjini Nairobi watu wengi humwita kwa neno la Kiingereza lililovishwa sauti za Kiswahili, paralegali, na wakiwa wengi huitwa maparalegali. Hilo peke yake lingetosha kumvuta msomaji wa jarida kama hili, kwa kuwa kazi ambayo haijapata jina thabiti katika lugha ya wale inaowahudumia ni kazi ambayo bado haijaeleweka vyema.

Hoja yangu ni kwamba mafunzo ya kazi hii, tangu enzi za makarani na wakalimani wa kikoloni hadi stashahada za leo, yamefuatana na swali moja la lugha: nani atayachukua maneno ya sheria kutoka Kiingereza na kuyafikisha kwa mtu wa Kangemi, Kawangware au Dagoretti, na kuyarudisha maneno ya mtu huyo mbele ya hakimu bila ya kuyaharibu njiani? Nitajaribu kuonyesha kwamba kila swali hili lilipopuuzwa, aliyeumia ni mwenye kesi. Nitamaliza kwa kusema ni nini idara zetu za Kiswahili zinaweza kufanya.

Wakili na maana zake

Yafaa tuanze na neno wakili. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, pamoja na ukoo mkubwa wa maneno ya mahakamani: sheria, kadhi, hakimu, hukumu, shahidi, haki, dhamana. Maana yake ya asili ni pana. Wakili ni mtu yeyote aliyekabidhiwa jambo la mwenzake alisimamie kwa niaba yake. Mfanyabiashara wa pwani aliweza kuwa na wakili wa kumuuzia mali, na baba aliweza kumweka wakili katika kumwozesha binti yake. Hakuhitaji cheti. Alichohitaji ni uaminifu na ujuzi wa jambo lenyewe.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia, neno hili lilibanwa. Sheria za mawakili zilimfanya wakili kuwa mtu aliyesoma, akasajiliwa na kupewa ruhusa ya kusimama mahakamani, na zikamkataza mwingine yeyote asifanye kazi hiyo kwa malipo. Sheria ya Mawakili ya Kenya inayotumika leo, ya mwaka 1989, inaendelea na katazo hilo. Siwalaumu waliotunga sheria hizo, kwani mtu anayeuza ushauri wa uongo humdhuru anayemwamini. Hata hivyo twapaswa kuona kilichotokea katika lugha. Neno moja lililokuwa likimtaja kila msimamizi lilibakia kumtaja mmoja tu, tena yule ambaye watu wengi hawangeweza kumlipa. Wengine wote waliokuwa wakiifanya kazi ya kusimamia, kueleza na kuandikia wenzao walibaki bila jina. Msaidizi wa kisheria wa leo amezaliwa katika pengo hilo.

Karani na mkalimani

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1905 Mahakama Kuu ikahamishiwa huko kutoka Mombasa. Tangu hapo mji huu umekuwa kitovu cha sheria nchini, na lugha ya sheria hiyo ilikuwa Kiingereza. Waafrika waliokuja mjini kutafuta kazi walikutana na sheria karibu kila siku. Baada ya Sheria ya Kuwaandikisha Wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na kuonekana bila hicho lilikuwa ni kosa. Alikuwapo basi haja ya mtu wa kati, anayejua kusoma karatasi na kuijibu.

Mtu huyo alikuwa karani au mkalimani. Neno karani tumelipata kwa njia ya Bara Hindi, na mkalimani limetokana na asili ya Kiarabu yenye maana ya kusema. Wote wawili hawakufunzwa sheria darasani. Waliipata kwa kusikiliza, kunakili na kutafsiri. Harry Thuku, aliyekamatwa mwezi wa Machi 1922, alikuwa mfanyakazi wa simu katika ofisi ya serikali mjini Nairobi. Kujua kwake Kiingereza na taratibu za ofisi kulimwezesha kupeleka malalamiko ya watu juu ya kipande, kodi na mishahara kwa njia ambayo serikali haikuweza kudai kwamba haikuyaelewa. Jomo Kenyatta naye, katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1920, alipata kuwa mkalimani wa mahakama mjini kabla ya kuajiriwa na Manispaa katika idara ya maji. Si ajabu kwamba siasa za Kenya zilianza kwa watu wa namna hii. Mtu anayekaa baina ya lugha mbili huona dhuluma ambayo haiwezi kuonekana kutoka upande mmoja peke yake.

Lakini mkalimani ni mtu mwenye nguvu, na nguvu yake ina hatari. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952 na kumalizika Aprili 1953. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Kabete, magharibi ya Nairobi, na aliyekijua Kikuyu tangu utoto. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walipinga tafsiri yake na kudai kwamba hakuwa mtu wa kati kwa kweli, naye akajitoa katika kazi hiyo. Hapana aliyesema kwamba Leakey hakuijua lugha. Swali lilikuwa ni kama kujua lugha kwatosha. Jibu la Kapenguria lilikuwa kwamba hakutoshi. Mtu anayebeba maneno ya mwingine mahakamani hana budi afunzwe pia wajibu wake, na aonekane na pande zote kuwa mwaminifu.

Mahakama bila mawakili

Serikali ya kikoloni haikutaka kila kesi ya Mwafrika ifike mbele ya jaji wa Kizungu. Ilianzisha mabaraza ya wenyeji, yakaimarishwa kwa sheria ya mwaka 1930, na mwaka 1951 yakafanywa Mahakama za Kiafrika. Humo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Kesi zilisikilizwa kwa lugha za wenyeji au kwa Kiswahili, na mwenye kesi alijieleza mwenyewe. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro nyingi, kubwa zaidi ikiwa ni kwamba mahakama hizo zilikuwa chini ya watawala na si chini ya majaji. Hata hivyo mwananchi alisikia kila neno lililosemwa juu yake.

Mwaka 1967 Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliziondoa Mahakama za Kiafrika na kuunganisha mfumo wote. Lilikuwa tendo la haki: raia wa nchi huru hawapaswi kuwa na mahakama za daraja mbili kwa rangi zao. Lakini lilikuwa na matokeo ambayo hayakupewa uzito unaostahili. Mtu yule yule aliyezoea kujieleza mbele ya wazee alijikuta sasa mbele ya hakimu mwenye kufuata sheria za ushahidi na taratibu zilizoandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilisema, na ingali inasema, kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili kiliruhusiwa kusemwa, lakini kumbukumbu za kesi, vitabu na maamuzi vilibakia katika Kiingereza. Bunge nalo, lililoamriwa kutumia Kiswahili mwaka 1974, liliendelea kupokea miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Mawakili nao walikuwa wachache. Serikali ya kikoloni haikupenda kuwasomesha Waafrika sheria. C. M. G. Argwings-Kodhek, anayehesabiwa kuwa Mkenya Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili, alifungua ofisi yake Nairobi katika miaka ya 1950 na kuwatetea watu wengi walioshtakiwa wakati wa Hali ya Hatari. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilitoa ripoti yake mwaka 1961 juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Shule ya Sheria ya Kenya ikaanza. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata kitivo chake cha sheria mwaka 1970. Taasisi zote hizi zilikusudiwa kutoa mawakili. Hakuna iliyokusudiwa kumtoa mtu wa kati.

Mwaka 1973

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili ambayo sijaona yakiwekwa pamoja. La kwanza ni kuanzishwa kwa Kituo cha Sheria mjini Nairobi, shirika lililoundwa na wanasheria walioazimia kuwapa maskini ushauri bila malipo. La pili ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri.

Uamuzi wa Adan ulihusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: mshtakiwa aulizwe vipi kama anakubali kosa? Mahakama iliweka hatua. Shtaka na mambo yote ya lazima yanayolifanya kuwa kosa yaelezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Yakiwa ni ya kukiri, upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakana au kuyaongezea. Akisema jambo linaloonyesha kwamba hakukiri kwa kweli, ijaliwe kuwa amekana, na kesi isikilizwe.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kuisoma kanuni hii bila kutambua kwamba ni kanuni ya pragmatiki. Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyakazi wa nyumbani anayeishi Kangemi na kufanya kazi Lavington anashtakiwa kuiba kwa mwajiri wake. Anasomewa shtaka kwa Kiswahili naye anajibu, “Ni kweli.” Kisha anaongeza, “Nilichukua kwa sababu sikuwa nimelipwa miezi mitatu. Naomba msamaha.” Kwa masikio ya haraka amekiri mara mbili. Kwa masikio ya mjuzi wa Kiswahili huenda hakukiri hata mara moja. “Ni kweli” yake inakubali kwamba alikichukua kitu, na maelezo yake yanadai kwamba alidhani ana haki nacho. Ama “naomba msamaha” ni adabu, kwa kuwa katika Kiswahili mdogo huomba msamaha mbele ya mkubwa ili kutuliza mambo, kabla hata ya kujulikana nani aliyekosa. Neno kosa lenyewe limebeba kuteleza, kukosea adabu na kuvunja sheria kwa pamoja. Mshtakiwa asiyejua tofauti hii hawezi kujilinda, na hakimu mwenye kesi arobaini mezani hana nafasi ya kumfundisha.

Basi kanuni ya Adan ilimpa mshtakiwa haki, na Kituo kikaja na mtu wa kumweleza kwamba anayo. Mawili hayo yanahitajiana, maana haki isiyoelezwa kwa lugha ya mwenyewe huishia katika vitabu.

Kutoka kujitolea hadi stashahada

Kituo cha Sheria kiligundua upesi kwamba mawakili wa kujitolea hawangetosha. Njia iliyobaki ni kuwafunza wakazi wenyewe, yaani viongozi wa makanisa, walimu, wanawake wa vikundi na vijana wa mitaani, wawe wasaidizi katika maeneo yao. Mashirika mengine yalifuata njia hiyo hiyo, kama tawi la Kenya la Shirikisho la Wanasheria Wanawake lililoanza mwaka 1985. Kituo baadaye kiliwafunza hata wafungwa wa Kamiti, ambao waliwasaidia wenzao kuandika rufani. Nje ya mipaka yetu, Malawi ilianza mwaka 2000 kuwapeleka wasaidizi wa kisheria magerezani, na mfano huo ukaigwa katika nchi nyingi za Afrika.

Jiografia ya mafunzo haya inastahili kuangaliwa. Ofisi nyingi za msaada wa sheria ziko upande wa magharibi wa jiji. Kituo cha Sheria kiko karibu na barabara iliyopewa jina la Argwings-Kodhek, wanasheria wanawake wako Lavington, na Chuo Kikuu kinafundisha sheria Parklands. Shule ya Sheria ya Kenya iko Karen. Majirani wao ni Kangemi na Kawangware, mitaa iliyokua katika ardhi ya Dagoretti iliyokuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu kabla ya mipaka ya jiji kupanuliwa wakati wa uhuru. Kinyume na Kibera, ardhi hapa ni ya watu binafsi wenye hati, na migogoro yake huwa ni ya wapangaji na wenye nyumba, ndugu na urithi, mwajiri na mwajiriwa. Haya yote humalizika kwa maneno mazuri yakiwahiwa, na yakicheleweshwa hufika Milimani au Mahakama ya Kibera.

Katiba ya mwaka 2010 iliyapa mambo haya msingi mpya. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba watu wote wanapata haki. Kifungu cha 49 kinamtaka anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Shule ya Sheria ya mwaka 2012 iliitaja kazi ya kuwafunza wasaidizi wa kisheria kuwa miongoni mwa kazi za shule hiyo. Hatimaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilimtambua msaidizi wa kisheria kuwa mtu aliyemaliza mafunzo katika taasisi iliyokubaliwa na Baraza la Elimu ya Sheria.

Hivi ndivyo kazi ya kujitolea ilivyogeuka kuwa taaluma yenye stashahada. Hilo ni jema. Lakini kadiri mafunzo yalivyopanda daraja ndivyo yalivyozidi kuwa ya Kiingereza. Mkazi aliyefunzwa katika ukumbi wa kanisa alifunzwa kwa Kiswahili, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mwanafunzi wa stashahada husoma mikataba, ardhi na utaratibu wa jinai kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha hutumwa kwenda kueleza kwa Kiswahili mambo ambayo hajapata kuyasema kwa lugha hiyo hata siku moja.

Neno dhamana

Nilipata wakati mmoja kusaidia kusahihisha vitini vya kozi fupi ya wasaidizi. Neno moja lilitusimamisha karibu asubuhi nzima, nalo ni dhamana. Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa njia mbili: kwa kuweka fedha taslimu, au kwa ahadi iliyotiwa sahihi, pengine ikiwa na mdhamini au hati ya mali. Kiingereza kina neno kwa kila moja. Kiswahili cha mitaani kina dhamana tu. Mama anaambiwa, “Mwanao amepewa dhamana ya shilingi elfu hamsini,” naye anaondoka akilia kutafuta fedha, akakope kwa riba au auze alichonacho, ilhali pengine kilichotakiwa ni mdhamini mwenye kitambulisho na hati. Wanafunzi wote darasani waliijua tofauti hiyo kwa Kiingereza. Hakuna aliyekuwa na maneno tayari ya kumweleza mama huyo. Tulikubaliana mwishowe kusema dhamana ya fedha taslimu na dhamana ya ahadi, na kuyatumia hivyo katika kitini chote. Sidai kwamba ndiyo istilahi bora. Nadai tu kwamba kazi ile haikuwa ya wanasheria peke yao.

Wenzetu wa Tanzania wameitambua kazi hii kwa muda mrefu. Mwaka 1965 A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria Dar es Salaam, aliandika juu ya matatizo ya kuunda lugha ya sheria katika Kiswahili. Sheria yao ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria kwa jina hilo, na mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria. Kwa hiyo jina msaidizi wa kisheria ninalolitumia hapa si la kubuni. Lina mizizi karibu nasi.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba istilahi za sheria zina maana thabiti katika Kiingereza tu, na kuzitafsiri ni kuzilegeza. Jibu langu ni kwamba zinatafsiriwa tayari kila siku, katika vituo vya polisi na mahakamani, na watu ambao hawakufunzwa kutafsiri. Hatuchagui baina ya kutafsiri na kutotafsiri. Tunachagua baina ya tafsiri iliyofikiriwa na tafsiri ya kubahatisha.

Wengine watasema kwamba kumfunza mtu nusu ya sheria ni kumtengeneza laghai. Hofu hii si ya kudharauliwa, na ndiyo maana sheria imeweka mipaka ambayo msaidizi hapaswi kuivuka. Lakini mafunzo ya lugha huilinda mipaka hiyo. Msaidizi anayeweza kusema waziwazi, “Hapa ndipo ujuzi wangu unapoishia, twende kwa wakili,” ni salama kuliko yule anayejificha nyuma ya maneno ya Kiingereza ambayo mteja hayaelewi.

Hitimisho

Tumeona kwamba karani wa 1920, mkalimani wa Kapenguria na msaidizi wa leo wameifanya kazi moja katika nyakati tofauti, na kwamba mafanikio na makosa yao yalitegemea jinsi walivyoyabeba maneno ya wenzao. Ikiwa ndivyo, basi mafunzo ya kazi hii hayawezi kuachwa kwa kitivo cha sheria peke yake. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, somo la Kiswahili cha sheria lifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili katika kila stashahada ya wasaidizi. Pili, idara zetu zikusanye maneno yanayotumiwa kweli mahakamani na mitaani, kabla ya kuunda mapya mezani. Tatu, wanafunzi wetu wa isimu wapelekwe Milimani na Kibera wakasikilize, kwa maana huko kuna utafiti mwingi usioguswa.

Mfanyakazi wa Kangemi tuliyemtaja atasomewa shtaka lake kesho asubuhi kama alivyosomewa jana. Atajibu kwa Kiswahili. Ni wajibu wetu, sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hiyo, kuhakikisha kwamba pamekuwapo mtu aliyefunzwa kumsikia.